Mkopo wenye dhamana na mkopo usio na dhamana

Mkopo wenye dhamana ni mkopo ambao mkopaji huweka rehani mali yake, kama vile nyumba, kiwanja au gari, ili mkopeshaji aweze kuiuza iwapo deni halitalipwa. Mkopo usio na dhamana hutolewa kwa kuangalia kipato na mwenendo wa mkopaji, au kwa ahadi ya wadhamini. Jina hili la pili huwapotosha wengi: asiyelipa bado anaweza kushtakiwa, na mali yake ikakamatwa kwa amri ya mahakama.

Mkopaji mwenye historia mbaya

Nchini Tanzania kumbukumbu za mikopo hukusanywa katika kanzidata ya Benki Kuu kwa kanuni za mwaka 2012. Taasisi za kuchakata taarifa za wakopaji, kama Creditinfo, huzitoa kwa wakopeshaji. Mtu aliyewahi kuchelewesha marejesho hukutana na moja ya mambo matatu: kunyimwa mkopo, kutozwa riba kubwa zaidi, au kuombwa dhamana.

Hilo la tatu ndilo huonekana la heshima, na ndilo linalohitaji tahadhari zaidi. Dhamana humlinda mkopeshaji. Haimwongezei mkopaji kipato hata shilingi moja. Aliyeshindwa kurejesha laki tano kwa sababu biashara haikuingiza fedha atashindwa pia kurejesha milioni tano, ila safari hii nyumba itakwenda mnadani. Kwa hiyo swali la kwanza si "nina mali gani ya kuweka?" bali "fedha ya marejesho itatoka wapi, na lini?"

Mkoa wa Njombe unaonyesha jambo hili vizuri. Viazi mviringo huvunwa baada ya miezi mitatu au minne hivi. Mparachichi wa kubebeshwa huanza kuzaa yapata mwaka wa tatu, na misonobari husubiriwa miaka mingi. Mkulima anayeweka hati ya nyumba yake ya Makambako ili apande maparachichi, huku marejesho yakianza mwezi ujao, anaihatarisha nyumba hata kama miti yake itastawi.

Ardhi kama dhamana

Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi wa ndoa. Mkopaji akikiuka mkataba, lazima apewe kwanza notisi ya siku 60.

Vijijini, pamoja na wilaya ya Ludewa penye makaa ya mawe ya Mchuchuma, wengi humiliki ardhi kimila. Hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kutumika kama dhamana, lakini benki nyingine husita, kwa kuwa kumuuzia mtu wa nje ya kijiji kunahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji. Pia yapo mazao: Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005 inaruhusu mkulima kukopa kwa stakabadhi ya mazao aliyoyahifadhi. Hapo anayeshindwa kulipa hupoteza magunia, si makazi.

Gharama

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iligawa watoa huduma katika madaraja manne, na wakopeshaji wa daraja la pili waliwekewa ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Ni muhimu kuuliza riba hiyo inapigwa juu ya nini. Mkopo wa Sh1,000,000 wa miezi 12 ukitozwa 3.5% ya kiasi cha mwanzo kila mwezi, riba yote ni Sh420,000. Ukitozwa juu ya salio, huku mtaji ukilipwa kwa mafungu sawa, riba ni Sh227,500.

Mikopo ya mtaani iitwayo "kausha damu" haifuati ukomo wowote. Baadhi ya wakopeshaji hao hushika kadi ya benki ya mkopaji pamoja na namba ya siri. Hiyo ni dhamana kwa kila hali, ingawa mkataba hauitaji hivyo. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za simu zilizokuwa zikikopesha bila kibali.

Njia za kati

SACCOS na VICOBA hutegemea akiba na wadhamini ambao ni wanachama wenzake, watu wanaomfahamu mkopaji kuliko kanzidata inavyomfahamu. Hasara yake ni kwamba akikwama, jirani ndiye anayelipa. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu; mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024.

Kabla ya kuweka mali yoyote rehani, mkopaji ana haki ya kuomba taarifa yake ya mikopo na kupinga makosa yaliyomo. Deni dogo la simu lililosahaulika, au lililokwisha kulipwa bila kufutwa, linaweza kuwa ndilo sababu pekee ya kuombwa hati ya nyumba.