Kompyuta Haijui Uzito wa Jiwe

Kwa majuma matatu nilijifungia chumbani mwangu hapa Murera nikimfundisha mtu kutembea. Mtu huyo hakuwa na damu wala mifupa. Nilimuumba kwa programu ya uhuishaji wa pande tatu, kama ilivyotupasa wanafunzi wa usanifu, nikamtwika jiwe la kujengea begani. Mhadhiri alipoitazama kazi yangu, aliuliza swali moja tu: "Mbona jiwe hilo ni la pamba?"

Liliniuma, maana lilikuwa swali la haki. Amri zote za programu nilizijua kwa moyo. Nisichokijua ni jinsi binadamu abebavyo jiwe.

Wengi hudhani kwamba kompyuta ndiyo ichorayo. La hasha! Aghalabu sekunde moja ya filamu huwa na picha 24. Mchoraji huziweka zile za msingi, nayo programu hujaza zilizo baina yake. Lakini huzijaza kwa mwendo laini, usio na jasho wala uchovu. Kisha huja kazi ya kuzikamilisha picha kwa mwanga na vivuli. Kompyuta hafifu kama yangu ikitumia dakika 5 kwa kila picha, filamu ya sekunde 10 itadai saa 20, na umeme ukikatika, subira nayo hupimwa.

Kesho yake niliacha kompyuta, nikashika daftari na penseli, nikaenda machimbo ya mawe upande wa Juja. Huko niliona ambayo hakuna programu iliyonionyesha. Mchukuzi hukunja magoti kabla ya kuligusa jiwe. Huvuta pumzi na kuizuia. Likishakaa begani, kiwiliwili huinama upande wa pili kutafuta mizani, na hatua huwa fupi. Nilirudi nyumbani, nikaifuta kazi ya majuma matatu, nikaanza upya. Safari hii mhadhiri alitikisa kichwa akasema, "Goti la kushoto bado." Nilifurahi, kwani sasa tulikuwa tukizungumza juu ya mtu.

Yapo malalamiko kwamba sanaa hii ni ya matajiri. Zamani yalikuwa na mashiko. Lakini mwaka 2002 wapenzi wa programu ya Blender walichanga euro 100,000 ili iwe huru kwa kila mtu, na filamu ya Flow kutoka Latvia, iliyotengenezwa kwa programu hiyo, ilitwaa tuzo ya Oscar mwaka 2025. Nasi si wageni katika fani hii. Vipindi vya Tinga Tinga Tales, vilivyoanza kuonyeshwa mwaka 2010, vilihuishwa Nairobi. Naye Andrew Kaggia alitutolea Wageuzi, filamu fupi ya pande tatu iliyowageuza wanasiasa wetu kuwa roboti.

Kwa hiyo walimu wangu, msiuone mchoro pembezoni mwa daftari la mtoto mkadhani ni uvivu. Huenda hapo ndipo jicho linapofunzwa. Nanyi wanafunzi wenzangu, kuhuisha ni kutia uhai, na uhai hauhifadhiwi ndani ya programu. Uko machimboni, sokoni na kisimani. Tokeni mkautazame, kisha ndipo muwashe kompyuta.