Alick Nkhata, Mkusanya Nyimbo wa Lusaka

Mtu asikilizapo redio husikia sauti tu. Hamwoni aliyeitafuta sauti ile, akaitengeneza, akaipeleka hewani. Mtu huyo huitwa mtayarishaji wa vipindi. Ili tuifahamu kazi yake, na tumtazame mmoja wao, Alick Nkhata wa Zambia, nchi ambayo kabla ya mwaka 1964 iliitwa Rhodesia ya Kaskazini.

Nkhata alizaliwa Kasama mwaka 1922. Alisomea ualimu, kisha, katika Vita Vikuu vya Pili, akaenda Burma, kama walivyokwenda askari wengi wa Tanganyika na Kenya. Vita vilipokwisha alisafiri na Hugh Tracey, Mzungu aliyezunguka nchi nyingi za Afrika akikusanya nyimbo za wenyeji. Tena akaingia katika kazi ya redio mjini Lusaka.

Kituo cha Lusaka kilianza mwaka 1941, kusudi watu wapate habari za vita. Lakini redio zilikuwa ghali, na Waafrika wachache tu walikuwa nazo. Mwaka 1949 ikatokea redio ndogo ya betri, ya mviringo kama sufuria, hata ikapewa jina hilo la sufuria. Bei yake ilikuwa paundi 5. Hizo hazikuwa fedha kidogo, lakini mtu wa mshahara aliweza kuziweka akiba, na majirani wakaja jioni kusikiliza pamoja naye.

Hapo likazuka swali: wasikilize nini? Kituo kilisema kwa Kibemba, Kinyanja, Kitonga, Kilozi, Kishona na Kindebele, na kila watu hupenda kusikia ngoma ya kwao. Santuri za Ulaya zilinunuliwa dukani, bali nyimbo za wenyeji zilikuwa vijijini, vinywani mwa watu. Basi ilipasa kuzifuata huko huko, kwa gari lililochukua mitambo ya kunasa sauti.

Kazi hiyo ina mambo matatu. La kwanza ni adabu. Mtayarishaji hafiki kijijini akaamuru watu waimbe. Huwaendea wazee, hueleza haja yake, hungoja. Ziko nyimbo za jando na za msiba zisizofaa kuchezwa mbele ya kila mtu, na wenyeji ndio wazijuao.

La pili ni ufundi. Chombo cha kunasia hakichagui: hunasa jogoo, upepo, na mtoto aliaye. Tena ngoma ikiwa karibu mno humeza sauti za waimbaji. Kwa hiyo ngoma husogezwa nyuma, waimbaji huletwa mbele, na kila mmoja huonyeshwa mahali pake.

La tatu ni kuchagua, na hili ndilo gumu. Uso mmoja wa santuri za siku zile ulichukua dakika 3 hivi, bali ngoma ya kijijini huweza kukesha. Mtayarishaji akikata vibaya, walioimba watakaposikia hawatajitambua. Akikata vema, mtu wa mbali asiyepata kukiona kijiji kile atapata kujua furaha yake na huzuni yake.

Nkhata hakuishia kunasa tu. Alitwaa nyimbo za wazee, akazitengeneza upya kwa gita na kundi la waimbaji 4. Hivyo kijana wa mjini aliweza kusikia wimbo wa bibi yake katika mtindo wa siku zake mwenyewe. Baada ya nchi kupata uhuru, alipanda hata akawa mkuu wa utangazaji.

Alipostaafu alikaa shambani Mkushi. Huko aliuawa mwaka 1978, majeshi ya Rhodesia yaliposhambulia kambi ya wapigania uhuru iliyokuwa karibu. Lakini sauti yake haikufa naye. Miaka zaidi ya kumi baadaye nyimbo zake zilitolewa tena, nazo zasikika hata leo.

Fikirini basi jambo hili. Mwimbaji hufa, na mtayarishaji naye hufa. Wimbo ulionaswa kwa wakati wake hubaki, bali usionaswa wala kufundishwa huzikwa pamoja na mwenyewe. Ulizeni nyumbani kwenu: ni nyimbo zipi anazozijua bibi, ambazo ninyi hamjapata kuzisikia?