Muundo na Mpangilio wa Tasnifu ya Uzamili wa Tiba: Mifano kutoka Goma

1.0 Utangulizi

Daktari anayesomea ubingwa hutakiwa kuandika tasnifu kabla ya kutunukiwa shahada yake. Katika vyuo vikuu vya Makerere, Nairobi na Muhimbili tasnifu hiyo ni sharti mojawapo la uzamili wa tiba. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo daktari huandaa andiko la namna hiyohiyo, ambalo kwa Kifaransa huitwa mémoire. Daktari wa Goma, katika Kivu ya Kaskazini, anakabiliwa na jambo la ziada. Huzungumza na mgonjwa kwa Kiswahili, huandika faili kwa Kifaransa, na akienda kusomea ubingwa Uganda au Kenya, hutetea tasnifu yake kwa Kiingereza.

Makala hii inaeleza sehemu za tasnifu ya tiba, kazi ya kila sehemu, na kanuni za kuipanga. Mifano imechukuliwa kutoka Goma na Kivu ya Kaskazini kwa jumla, kwa sababu eneo hilo limefanyiwa tafiti ambazo dunia nzima ya tiba inazirejelea. Hoja inayojengwa ni kwamba umbo la tasnifu si pambo. Kila sehemu imewekwa ili ijibu swali moja, na swali lisipojibiwa, msomaji hana njia ya kuyaamini matokeo.

2.0 Asili ya muundo unaotumika

Muundo mkuu wa maandishi ya tiba una sehemu nne: utangulizi, mbinu, matokeo na mjadala. Muundo huu ulienea katika majarida ya tiba katika karne ya 20, na kufikia miaka ya 1980 ulikuwa umekuwa kawaida yao. Mwaka 1978 wahariri wa majarida kadhaa walikutana katika mji wa Vancouver, Kanada, wakakubaliana kuhusu namna moja ya kuandaa miswada. Ndiyo maana mtindo wa marejeo yanayopewa nambari kwa kufuata mfuatano wa kutajwa kwake huitwa hadi leo mtindo wa Vancouver.

Sehemu hizo nne zinajibu maswali manne. Utangulizi unajibu: kwa nini utafiti ulifanywa? Mbinu zinajibu: ulifanywaje? Matokeo yanajibu: nini kilionekana? Mjadala unajibu: kilichoonekana kina maana gani? Tasnifu hurefusha muundo huu kwa kuongeza sura ya mapitio ya maandishi, hitimisho na mapendekezo, pamoja na viambatisho. Mbele ya sura hizo hutangulia jalada, tamko la mwanafunzi, idhini ya wasimamizi, shukrani, yaliyomo, orodha ya majedwali na vielelezo, orodha ya vifupisho, na ikisiri.

Ikisiri huwekwa mwanzoni lakini huandikwa mwisho. Wasomaji wengi hawatasoma zaidi ya ukurasa huo. Kwa hiyo haifai ikisiri kusema kwamba matokeo "yamejadiliwa". Inapaswa kuyataja matokeo yenyewe kwa tarakimu.

3.0 Kazi ya sura kuu

3.1 Utangulizi na madhumuni

Utangulizi huanza na tatizo pana, ukapungua hadi kufikia pengo moja la maarifa ambalo tasnifu inakusudia kuliziba. Baada ya pengo hufuata lengo kuu na madhumuni mahsusi, ambayo kwa kawaida ni mawili hadi manne.

Tuseme daktari anataka kuchunguza uambukizo wa vidonda kwa wanawake waliojifungua kwa upasuaji katika hospitali moja ya Goma. Madhumuni yake yanaweza kuwa matatu: kupima kiwango cha uambukizo, kubainisha mambo yanayoandamana nao, na kutambua vijidudu vinavyousababisha. Tangu hapo tasnifu nzima inafungwa na madhumuni hayo matatu. Kila dhumuni lazima liwe na aya yake katika mbinu, jedwali lake katika matokeo, na nafasi yake katika mjadala. Ikiwa dhumuni la tatu halina maabara iliyotajwa katika mbinu, kasoro hiyo itaonekana kabla ya utafiti kuanza. Kwa sababu hiyo wasimamizi wengi humtaka mwanafunzi achore majedwali matupu wakati wa kuandika pendekezo la utafiti. Jedwali lisiloweza kuchorwa likiwa tupu haliwezi kujazwa baadaye.

3.2 Mbinu

Sura ya mbinu hutaja aina ya utafiti, mahali, kipindi, watu waliohusika, namna walivyochaguliwa, ukubwa wa sampuli, vipimo, uchanganuzi wa takwimu, na masuala ya maadili. Kipimo cha ubora wake ni kimoja: mtafiti mwingine akiisoma aweze kurudia kazi hiyohiyo.

Umuhimu wa sura hii unaonekana katika taarifa moja iliyoandikwa kuhusu Goma yenyewe. Mnamo Julai 1994 wakimbizi kutoka Rwanda wapatao baina ya 500,000 na 800,000 waliingia Kivu ya Kaskazini. Kipindupindu na kuhara damu vikalipuka. Watafiti waliojiita Kikundi cha Epidemiolojia cha Goma walichapisha matokeo yao katika jarida la Lancet mwaka 1995. Walikadiria kwamba karibu watu 50,000 walifariki katika mwezi wa kwanza, yaani wastani wa vifo 20 hadi 35 kwa kila watu 10,000 kwa siku. Katika dharura, kiwango cha kifo kimoja kwa watu 10,000 kwa siku huhesabiwa kuwa tayari ni hatari.

Kiwango hicho ni sehemu ya hesabu yenye namba ya juu, yaani kiasi, na namba ya chini, yaani asili. Kiasi kilitokana hasa na maiti zilizokusanywa. Ardhi ya Goma ni mwamba wa volkano usiochimbika kwa urahisi, hivyo maiti wengi waliwekwa kando ya barabara wakachukuliwa na malori. Asili, yaani idadi ya wakimbizi wenyewe, haikujulikana kwa hakika. Vifo 50,000 vikigawanywa kwa siku 30 na kwa watu 800,000, hupatikana takriban vifo 21 kwa watu 10,000 kwa siku. Watu wakiwa 500,000, hupatikana takriban 33. Watafiti hawakuchagua namba moja ili kumridhisha msomaji. Walitoa mipaka miwili na kueleza chanzo chake.

Funzo kwa mwandishi wa tasnifu ni dhahiri. Asilimia isiyo na asili haina maana. Anayeandika kwamba asilimia 40 ya wagonjwa walikuwa na dalili fulani ataje ni asilimia 40 ya wagonjwa wangapi, na wagonjwa hao walipatikanaje.

3.3 Matokeo na mjadala

Kosa la kawaida katika tasnifu ni kuchanganya sura hizi mbili. Matokeo hueleza kilichoonekana bila kukitolea hukumu. Mjadala hufasiri, hulinganisha na tafiti nyingine, na hukiri udhaifu wa utafiti.

Mfano mzuri ni jaribio la dawa za Ebola lililofanyika baina ya Novemba 2018 na Agosti 2019 katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina, wakati wa mlipuko uliotangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020. Miongoni mwa viongozi wake alikuwa Profesa Jean-Jacques Muyembe wa taasisi ya INRB ya Kinshasa. Dawa nne zililinganishwa. Kabla ya jaribio kuanza, watafiti waliamua kwamba kipimo kikuu kingekuwa kifo katika muda wa siku 28. Matokeo yanayohusu kipimo hicho yanaweza kuandikwa kwa sentensi moja: kati ya waliopewa ZMapp walifariki asilimia 49.7, remdesivir, asilimia 53.1; MAb114, asilimia 35.1, na REGN-EB3, asilimia 33.5.

Sentensi hiyo haina neno "cha kusikitisha" wala "cha kufurahisha". Hayo, pamoja na maana ya tofauti hizo kwa tiba, ni kazi ya mjadala. Aidha, kwa kuwa kipimo kiliamuliwa mapema, hakuna anayeweza kudai kwamba watafiti walitafuta kwanza tofauti iliyowapendeza kisha wakaiita lengo lao. Mwanafunzi mwenye wagonjwa 80 tu anafungwa na kanuni ileile iliyowafunga wenye wagonjwa 681.

4.0 Mpangilio wa kurasa

Kila chuo kina mwongozo wake, na mwongozo huo ndio wa kufuatwa kwanza. Hata hivyo kuna mambo yanayofanana katika vyuo vingi. Karatasi ni ya kipimo cha A4. Herufi ni za ukubwa wa pointi 12, na nafasi kati ya mistari ni moja na nusu au mbili. Pambizo la kushoto huwa pana kuliko mengine ili kuacha nafasi ya kujalidi. Kurasa za mwanzo hupewa nambari za Kirumi, na nambari za kawaida huanzia kwenye sura ya kwanza. Kichwa cha jedwali hukaa juu yake; kichwa cha kielelezo hukaa chini yake. Jedwali lieleweke bila ya msomaji kurudi kwenye matini, na matini isirudie kila tarakimu iliyomo katika jedwali.

Daktari anayevuka kutoka mfumo wa Kifaransa kwenda wa Kiingereza ajihadhari na mambo mawili. Kwanza, katika mapokeo ya Kifaransa yaliyomo kwa ukamilifu wake mara nyingi huwekwa mwishoni, na mwanzoni huwa muhtasari tu. Katika mapokeo ya Kiingereza huwekwa mwanzoni. Pili, Kifaransa hutenga desimali kwa mkato, ilhali Kiingereza hutumia nukta. Kipimo kilichoandikwa 1,250 katika faili la Goma ni kimoja na robo. Katika tasnifu ya Kampala ni elfu moja mia mbili na hamsini. Katika kipimo cha dawa, kosa la aina hiyo si la uchapaji tu.

5.0 Suala la lugha

Hojaji na fomu za ridhaa huwekwa katika viambatisho, na huko ndiko Kiswahili huonekana katika tasnifu nyingi za Goma. Sehemu hii hupewa muda mdogo, ingawa data zote hupitia humo.

Neno homa ni mfano mmoja. Daktari analikusudia joto la mwili lililozidi, lakini mhojiwa anaweza kulielewa kuwa ni malaria, mafua, au ugonjwa wowote wa kulaza kitandani. Mfano mwingine ni saa. Msemaji wa Kiswahili asemapo dalili zilianza saa mbili ya asubuhi, karani anayejaza fomu ya Kifaransa anapaswa kuandika saa nane. Asipofanya hivyo, muda wote wa ugonjwa hupotoka kwa saa sita. Mfano wa tatu ni kura. Ili kueleza kwamba mgonjwa atapangiwa dawa kwa nasibu, watafsiri husema atapangiwa kwa kura. Lakini kupiga kura ni kuchagua viongozi pia, na maelezo mafupi ya ziada yanahitajika.

Zaidi ya hayo, Kiswahili cha Goma kina msamiati wake. Daktari huitwa munganga, na kipindupindu hujulikana zaidi kwa jina la kolera. Fomu iliyonakiliwa kutoka Dar es Salaam inaweza kuwa sahihi kisarufi na isieleweke. Utaratibu unaopendekezwa ni kutafsiri, kumpa mtu mwingine airudishe tafsiri katika lugha ya awali bila kuiona matini ya kwanza, kisha kuijaribu kwa watu wachache. Hatua hizo zitajwe katika sura ya mbinu.

6.0 Siri ya mgonjwa na hifadhi ya kazi

Azimio la Helsinki, lililopitishwa mwaka 1964 na kurekebishwa mara kadhaa hadi 2024, linamtaka mtafiti alinde siri za wanaoshiriki. Katika Goma sharti hilo lina uzito wa pekee. Mji huo ulitekwa na waasi wa M23 Novemba 2012, na tena Januari 2025. Tasnifu iliyowekwa maktabani husomwa na yeyote. Katika utafiti kuhusu majeraha ya risasi au ukatili wa kijinsia, jedwali linalotaja kijiji, umri na tarehe ya kulazwa linaweza kumtambulisha mtu hata kama jina lake halimo. Safu zenye watu wachache mno ziunganishwe, vijiji vitajwe kwa jina la eneo pana, na orodha inayounganisha majina na nambari za wagonjwa isiwekwe kamwe katika viambatisho.

Kwa upande mwingine, kumbukumbu hupotea. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya mlima Nyiragongo ilipita katikati ya mji na kuteketeza majengo mengi. Daftari la wodi likiungua, jedwali la tasnifu huenda likawa ushahidi pekee uliobaki kuhusu wagonjwa waliotibiwa humo. Nakala moja ya tasnifu ihifadhiwe nje ya mji.

7.0 Hitimisho

Imeelezwa kwamba tasnifu ya tiba hujengwa juu ya maswali manne, na kwamba madhumuni ndiyo yanayoziunganisha sura zake. Imeonyeshwa pia kwamba kanuni zinazoonekana ndogo, kama vile mkato wa desimali, asili ya asilimia au neno moja la hojaji, hugusa ukweli wa matokeo. Idara za Kiswahili na vitivo vya tiba vina kazi ya kufanya pamoja hapa: kuandaa orodha ya istilahi na fomu za ridhaa zilizojaribiwa kwa wasemaji wa Kivu, ili mgonjwa anayeombwa kushiriki ajue anakubali nini.