Kurudi Darasani kwa Shahada ya Kompyuta

Mhasibu au muuguzi mwenye shahada yake, akitamani kuhamia kwenye kompyuta, huogopa kwanza miaka: nianze upya mwaka wa kwanza na vijana waliotoka kidato cha sita juzi? Si lazima. Tangu 2012, Chuo Kikuu cha Oregon State cha Marekani kinafundisha kwa intaneti shahada kamili ya kwanza ya sayansi ya kompyuta kwa watu ambao tayari wana shahada ya fani yoyote.

Shahada ya kwanza chuoni hapo hudai krediti 180. Masomo ya jumla, kama uandishi na sayansi ya jamii, huchukuliwa kuwa ulishayasoma, hivyo zinabaki krediti 60, yaani kozi kama 15, zote za kompyuta. Asiye na kazi nyingine anaweza kumaliza kwa mwaka mmoja na ushee. Mwenye ajira na watoto huchukua kozi moja moja, na miaka minne humpita.

Ufupi huo usikudanganye. Nyama laini imeondolewa, umebakiziwa mfupa. Tena kozi hufuatana: huingii kwenye miundo ya data kabla ya kupita utangulizi wa programu, wala huoni algoriti kabla ya miundo ya data. Ukianguka moja, mnyororo wote unasimama.

Na hapo kwenye mfupa ndipo penye thamani ya ada. Lugha ya programu kama Python mtu hujifunza nyumbani bila kulipa senti. Lakini wanaojifundisha wenyewe mara nyingi huruka mambo yasiyoonekana kwenye skrini. Chukua orodha ya majina milioni moja. Ukilitafuta jina moja kwa kupitia yote, huenda ukalinganisha mara 1,000,000. Orodha ikiwa imepangwa kialfabeti, unafungua katikati, unatupa nusu isiyohusika, unarudia. Malinganisho 20 yanatosha. Au fikiria akaunti yenye shilingi 50,000, na maombi mawili ya kutoa 40,000 yanayofika kwa wakati mmoja. Programu isipofunga akaunti hiyo wakati inashughulikia ombi la kwanza, yote mawili yanaweza kusoma salio lile lile na fedha zikatoka mara mbili. Kozi za mifumo endeshi na hifadhidata hufundisha kuzuia balaa la namna hiyo, na mwajiri makini huuliza hayo kwenye usaili.

Kwa nini basi usiende moja kwa moja kwenye uzamili? Ukiwa na msingi, nenda. Chuo cha Georgia Tech cha Marekani kilianzisha uzamili wake wa kompyuta wa mtandaoni mwaka 2014, na ada yote haifiki dola 10,000, ilhali kozi zile 15 za Oregon hupita dola 30,000. Ila Georgia Tech wanatarajia uwe tayari unajua miundo ya data na kuandika programu. Uingereza kuna uzamili wa mwaka mmoja kwa waliotoka fani nyingine. Ni mzuri, ingawa mwaka mmoja ni mfupi mno kwa asiyewahi kuandika programu. Kwa mtu wa namna hiyo, nasema wazi, shahada nyingine ya kwanza ndiyo njia inayofaa zaidi, japo mfuko utalia.

Anayesomea Dar es Salaam au Nairobi aongeze jambo jingine. Oregon iko nyuma yetu kwa saa 10 au 11 kulingana na msimu, kwa hiyo kikao cha jioni cha kule ni alfajiri ya huku. Mtanzania ahakikishe pia mapema na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kwamba shahada hiyo itatambuliwa.

Taaluma yako ya zamani usiitupe. Ajira za wanaoanza zimebana tangu kampuni kubwa za teknolojia zilipoanza kupunguza watu mwaka 2022, na muuguzi anayeelewa hifadhidata za hospitali ana nafasi ambayo kijana wa kompyuta pekee hana.

Kabla ya kulipa chochote, soma CS50, kozi ya utangulizi wa kompyuta ya Harvard, iliyoko mtandaoni bila malipo. Majuma yake mengi ya mwanzo hutumia lugha ya C na kukushughulisha na kumbukumbu ya kompyuta. Ukiyavuka na bado una hamu, tuma maombi.