Benzi inalia: uchunguzi wa fundi uwe na bei

Mzee mwenye Mercedes-Benz W123 akiingia gereji mojawapo huku Wazo, Dar es Salaam, mazungumzo hayachukui muda. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Fundi, injini inalia." Kabla ya adhuhuri ameshaandikiwa spea za kutafuta Gerezani, na wiki inayofuata anarudi na mlio uleule, sasa kwa hasira. Chanzo nakiona kwenye malipo: fundi hulipwa kwa kufungua na kufunga, tena hupata chochote kwenye spea. Kusikiliza injini hakumpi kitu.

W123 zilitengenezwa kuanzia 1976 hadi 1985, karibu milioni 2.7, na za dizeli ndizo zilizosifika kwa kudumu. Dizeli hizo zinanguruma tangu zilipotoka kiwandani. Aliyezoea Toyota Crown ya petroli akinunua moja, siku ya kwanza atadhani ni mbovu. Mteja huyo aelezwe mlio wa kawaida ni upi kabla hajatoa hata shilingi.

Mlio wa ubovu una dalili zake. Tapeti zikilegea hulia haraka haraka, kama cherehani. Kwenye dizeli za W123 zisizo na turbo uwazi wa valvu hurekebishwa kwa mkono injini ikiwa ya baridi: milimita 0.10 kwa valvu ya kuingiza hewa, 0.30 kwa ya kutolea moshi. Ni kazi ya spana namba 14 na fila geji, na spea yake pengine ni gasketi ya kifuniko tu. Gereji inayoishi kwa faida ya spea itaichangamkia kazi hiyo kwa lipi?

Nozeli mbovu yenyewe hugonga. Fundi anayejua kazi huacha injini ikiunguruma, akalegeza nati ya bomba la dizeli la silinda moja, akaikaza, akahamia nyingine. Akifika penye ubovu, kugonga kunapungua palepale. Nozeli hiyo inatolewa na kupelekwa kwa fundi pampu. Asiyejua atashusha injini nzima afanye ovahoo. Kuna pia raba za mauntingi ya injini, ambazo mashimo ya mitaa ya ndani hayazihurumii. Zikilala, mtikisiko huingia kwenye bodi, na mwenye gari ataapa kwamba beringi zimekwisha.

Soko la kutengeneza magari haya si dogo la kupuuzwa. Gari dogo likiingizwa nchini likiwa na zaidi ya miaka 10 hutozwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, hivyo kuagiza jingine kuukuu ni ghali, na wenye magari haya wana kila sababu ya kuyatunza waliyonayo.

Gereji za Wazo zitoze ada ya uchunguzi. Gari lilale hapo, fundi aliwashe asubuhi likiwa la baridi, kisha yeye na mteja waliendeshe pamoja hadi Bunju na kurudi. Iandikwe: mlio gani, unatokea lini, unatoka wapi, tiba yake bei gani. Spea ya zamani arudishiwe mwenyewe.

Kishawishi kitakuwa kuikata ada hiyo kwenye bili ya matengenezo. Naikataa njia hiyo, maana fundi atarudi kutegemea spea. Ada ibaki malipo kamili ya kazi, na mlio uleule ukirudi ndani ya mwezi, uchunguzi wa pili uwe bure.