Mgonjwa wa Akili Naye Apewe Risiti

Mkulima wa majani chai wa Nyamira, awe wa Kebirigo, Nyansiongo ama Sanganyi, haondoki katika kituo cha kupimia majani mabichi bila risiti. Kilo zimeandikwa, nambari yake ya mkulima imeandikwa, tarehe imo. Msimu wa bonasi ukifika na hesabu zikakataa kuoana, ataichomoa risiti hiyo mahali alipoificha na kudai haki yake kwa sauti ambayo karani hawezi kujifanya hakuisikia. Mkulima huyo huyo akimpeleka dada yake anayeugua maradhi ya akili kutafuta matibabu, aghalabu hurudi nyumbani na kibahasha kilichoandikwa "1×2", basi. Rangi ya kidonge yajulikana. Jina lake halijulikani, nguvu yake haijulikani, na aliyekitengeneza hajulikani. Nyumbani huitwa "dawa ya kichwa", na mwaka baada ya mwaka mgonjwa huimeza.

Tofauti hii hunijia akilini kila nisomapo habari za kesi za madai dhidi ya watengenezaji wa dawa za akili huko Marekani. Mnamo Oktoba 2019, mjini Philadelphia, jopo la raia wanaoketi mahakamani kuamua ukweli wa kesi liliamuru kampuni ya Johnson & Johnson imlipe kijana mmoja dola bilioni 8. Kijana huyo alikuwa amepewa Risperdal, dawa ambayo jina lake la kitaalamu ni risperidoni, tangu utotoni, akaota matiti kama ya msichana. Januari 2020 jaji aliipunguza fidia hiyo hadi dola milioni 6.8, na punguzo hilo latosha kumfunza mwanafunzi wa sheria kwamba kishindo cha hukumu si sawa na pesa mkononi. Kabla ya hapo, Novemba 2013, kampuni hiyo ilikuwa imekubali kulipa zaidi ya dola bilioni 2.2 ili kumaliza tuhuma za serikali kwamba ilitangaza Risperdal na dawa nyingine kwa matumizi ambayo hayakuwa yameidhinishwa.

Msomaji asidhani kwamba kortini ilithibitishwa kuwa dawa hiyo ni sumu. La hasha. Kilichobishaniwa ni karatasi: je, maelezo yanayoandamana na dawa yaliwaonya daktari na mzazi kadiri ilivyopaswa? Na kijana aliweza kuliuliza swali hilo kwa kuwa ilijulikana ni nani aliyemwandikia dawa, lini, kiasi gani, na ya kampuni ipi.

Sasa wamo mawakili huko wanaoelekeza macho kwenye saratani, hususan saratani ya matiti. Chanzo cha shaka yao ni homoni iitwayo prolaktini, ambayo huyafanya matiti ya mama kutoa maziwa. Ubongo huizuia homoni hiyo isizidi kwa kutumia kemikali ya dopamini. Dawa nyingi za kutuliza wazimu hufanya kazi kwa kuifungia dopamini njia, na zikifanya hivyo prolaktini hupanda. Risperidoni huipandisha sana. Haloperidoli, iliyobuniwa mwaka 1958 katika maabara ya Paul Janssen nchini Ubelgiji, huipandisha pia, na hali kadhalika kloropromazini. Na hizi mbili ndizo dawa kongwe ambazo hospitali zetu za umma zimezitegemea kwa miongo mingi. Kwa hiyo jambo hili si la Wamarekani peke yao. Laweza kuwa limo ndani ya kile kibahasha.

Mwanamke ambaye prolaktini yake imepanda huweza kukosa hedhi kwa miezi, au kutokwa na maziwa ilhali hana mtoto anayenyonya. Asiyeambiwa mapema kwamba dawa yaweza kuleta hali hiyo atafikiri nini? Na mama mkwe wake je? Mnamo Oktoba 2021 wanawake wanne wazee waliuawa huko Marani, Kisii, kwa tuhuma za uchawi. Katika nchi kama hiyo, kunyamaza kwa mtoa dawa si kosa dogo la adabu. Kwaweza kuwasha moto.

Mwaka huo huo wa 2021 jarida la Lancet Psychiatry lilichapisha utafiti wa Finland uliowalinganisha wanawake 1,069 wenye skizofrenia waliopata saratani ya matiti na wenzao 5,339, wenye skizofrenia vilevile, ambao hawakuipata. Waliotumia dawa za kupandisha prolaktini kwa miaka mitano au zaidi walionekana kuwa na hatari iliyozidi kwa takriban asilimia 56 wakilinganishwa na waliozitumia kwa muda usiotimia mwaka mmoja. Hapa nawaomba walimu wa hesabu wanisaidie, maana asilimia ya namna hii hupotosha wengi. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba katika kila wanawake elfu moja kumi wangeugua. Nyongeza ya asilimia 56 ingewafikisha kumi na sita hivi. Haisemi kwamba wanawake 56 katika kila mia watapata saratani. Tena utafiti wa kulinganisha kumbukumbu huonyesha kwamba mambo mawili yanaandamana. Kusema moja limezaa jingine ni hatua nyingine, na hatua hiyo ndiyo wakili wa kampuni ataipigania kwa meno na kucha.

Nachelea sana habari hizi zisije zikapokewa vibaya vijijini. Atakayesikia "dawa ya akili huleta kansa" akaitupa dawa chooni, hatakuwa amejiokoa. Maradhi hurudi, mara nyingi kwa ukali kuliko mwanzo, na mgonjwa akirudiwa, jamaa hukimbilia kamba na mnyororo. Ripoti ya Human Rights Watch ya Oktoba 2020 ilieleza watu wenye maradhi ya akili wanavyofungwa minyororo katika nchi zipatazo 60, Kenya ikiwamo. Kati ya hatari ya saratani iliyo ndogo na ya mbali, na mnyororo ulio tayari mlangoni, mimi sina shaka ni ipi ya kuogopwa kwanza. Zipo dawa ambazo haziipandishi prolaktini kiasi hicho, kama aripiprazoli na kuetiapini. Kama zinapatikana, na kama mgonjwa anazimudu, hilo ni la kuzungumza na daktari.

Lakini tuseme mwanamke wa Ogembo au Keroka amezimeza dawa hizi miaka kumi, kisha uvimbe ukaonekana kwenye titi. Aende wapi? Sheria haikumsahau. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata maelezo yanayohitajika, kulindwa afya yake, na kulipwa fidia akidhuriwa na kasoro ya bidhaa. Sheria ya Afya ya 2017 yataka mgonjwa aelezwe matibabu yake na madhara yanayoambatana nayo, na marekebisho ya 2022 ya Sheria ya Afya ya Akili yanamtambua mgonjwa wa akili kuwa mtu anayepaswa kuombwa ridhaa. Madai ya madhara ya mwili kwa kawaida hufunguliwa kabla ya miaka mitatu kwisha, ingawa Sura ya 22 ya sheria zetu humruhusu jaji kuongeza muda ikiwa mdai hakuwa na njia ya kujua mambo muhimu mapema.

Sheria ipo, naam, lakini mdai atamshtaki nani? Dawa ya umma mara nyingi hufika katika mkebe wa vidonge elfu moja. Karatasi ya maonyo hubaki na mkebe, au hutupwa siku mkebe unapofunguliwa. Mtengenezaji, huenda akiwa India au Nairobi, atajibu kwamba alionya. Mwagizaji atasema alileta kilichoidhinishwa. Mtoa dawa hatakumbuka, na hakuna wa kumlaumu kwa kusahau kidonge cha miaka minane iliyopita. Mdai atasimama mbele ya jaji na kusema kwamba kilikuwa cheupe. Na huyu ni mwana wa jamii isiyoogopa korti. Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Kisii haikosi watu waliobeba karatasi za mpaka tangu enzi za babu.

Hospitali zetu nyingi humtaka mgonjwa aje na daftari, lile lile la shule. Mara nyingi mwenye kulisoma nyumbani ni mwanafunzi, na anayeombwa ushauri ni mwalimu wa jirani. Hao ndio ninaowaandikia. Mgonjwa apokeapo dawa, mwombeni mtoa dawa, kwa heshima lakini bila kuchoka, aandike jina la dawa kwa herufi zinazosomeka, nguvu yake, idadi ya vidonge, tarehe, jina la mtengenezaji na nambari ya toleo iliyo kwenye mkebe. Sindano ya kila mwezi nayo iandikwe. Hedhi ikikatika, maziwa yakitoka au uvimbe ukionekana, andikeni siku yake, mgonjwa aende na daftari hilo kwa daktari, na daktari aombwe kuijaza ile fomu ya manjano ya Bodi ya Dawa na Sumu ambayo hupokea taarifa za madhara ya dawa. Bodi imekuwa ikikusanya taarifa hizo tangu 2009, na mgonjwa mwenyewe au jamaa yake pia aweza kuripoti.

Daftari likijaa, lisiuzwe kwa mwenye kufungia njugu. Linunuliwe jingine, na la zamani liwekwe pale pale penye risiti za majani chai na hati ya shamba.