Ukuta Utunzao Jua

Mtu ajengaye nyumba Kakola au Bugarama, pembezoni mwa mgodi wa Bulyanhulu, hukabiliwa na mahasimu wawili: jua la mchana, ambalo chini ya bati lisilo na dari huwa adhabu, na baridi ya alfajiri za Juni na Julai, iwakutayo waliolala wamejikunyata. Ingawa mahasimu hao hupishana kwa saa, tadbiri ya kuwakabili wote wawili ni moja, nayo imo katika ukuta.

Udongo na mawe hupokea hari polepole na kuirudisha polepole. Joto lipigalo ukuta wa udongo wenye unene wa sentimita 30 huchukua saa nyingi kupenya, aghalabu likawasili ndani usiku, wakati linapohitajiwa. Bati halina amana: huwaka jua likiwaka, na hupoa mara litwapo. Msonge wa Kisukuma ulizijua tabia hizi, maana nyasi za paa zilizuia jua la utosini, na udongo wa kuta ukalitunza la ubavuni.

Huko Odeillo, katika milima ya Ufaransa, Félix Trombe na msanifu Jacques Michel walijenga mwaka 1967 nyumba zenye kuta nzito za zege, zilizopakwa rangi nyeusi na kukingwa kwa kioo upande wa kusini, ambako jua la majira ya baridi hupita chini. Kanuni yao yatufaa. Umbo lao lingetuunguza. Bulyanhulu iko takriban nyuzi 3 kusini mwa ikweta: adhuhuri ya Juni jua husimama kaskazini kwa kimo cha nyuzi 63 hivi, na ya Desemba husimama kusini kwa nyuzi 70, hata upenu wa nusu mita watosha kutia kivulini takriban mita 1 ya ukuta. Ila jua la asubuhi na la alasiri huja kwa ubapa, wala upenu haulizuii.

Basi nyumba na irefuke kutoka mashariki hadi magharibi, ili kuta fupi ndizo zielekee matlai na machweo. Dirisha la mashariki lipokee jua la asubuhi, ukuta wa magharibi upandiwe mti, na dari itenge chumba na bati. Ifikapo Oktoba, kabla ya mvua, madirisha yafunguliwe usiku ili kuta zipoe. Maadamu msingi haujachimbwa, kuigeuza nyumba ni kazi ya kamba na vigingi tu. Ukishajengwa, kosa la mwelekeo halirekebishiki ila kwa gharama.